Mgeni Njoo, Mwenyeji Ajifunze



Tunaambiwa kwamba mitaji ya kigeni ikiingia, tija ya nchi nzima itapanda yenyewe. Tusikubali upesi. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na wageni wamewekeza mabilioni ya dola katika migodi ya Lualaba na Haut-Katanga. Ndani ya uzio, mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Nje ya uzio, fundi wa Kolwezi angali anachomelea vyuma kwa ujuzi wa jana, na kobalti yetu husafirishwa China ikamalizwe kusafishwa huko.

Ujuzi hauruki uzio wenyewe. Huvushwa na mfanyakazi aliyefundishwa kazi ngumu, na kampuni ya wenyeji iliyopewa kazi na mgodi. Ndiyo maana sheria ya 2017 iliwawekea kazi za ukandarasi mdogo kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo.

Lakini Mkongo anayemwazima mgeni jina lake, akapokea bahasha na kuketi kando, anaiua sheria hiyo kwa mkono wake. Huyo si mjasiriamali. Ameuza nafasi ya wenzake kujifunza.

Basi tusiulize tu zimeingia dola ngapi. Tuulize: ni nani kati yetu amefundishwa kuuendesha mtambo, na kuutengeneza ukiharibika? Na siku tutakapoombwa majina yetu, tukatae. Wahenga walisema mwenyeji apone, hawakusema alale.