"Sisi" ya Jukwaani na "Sisi" ya Kaskazini Mashariki

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuzihesabu tamathali katika hotuba za viongozi: takriri hapa, sitiari pale, swali la balagha kule. Ni nadra kuuliza iwapo walengwa walijiona ndani ya maneno hayo.

Mzee Jomo Kenyatta alilitwaa neno "Harambee", wito wa watu wavutao kitu kizito kwa pamoja, akaligeuza kuwa sitiari ya taifa. Hata hivyo, kuanzia Desemba 1963 Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, nazo hazikuondolewa hadi 1991. Si ajabu, basi, kwamba aliyesafiri kwenda Nairobi alisema "naenda Kenya", na aliporejea akaulizwa, "Habari za Kenya?" Usemi huo mfupi ulikuwa jibu kwa hotuba nyingi: msemaji alikuwa amejitoa katika nafsi ya "sisi".

Mnamo Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita. Kwa wenyeji walioyakumbuka mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, hayo hayakuwa maneno madogo. Siku saba baadaye magaidi walivamia chuo kikuu mjini Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi, baada ya kuwatenga kwa misingi ya dini. Nahau yao ilikuwa "hawa" na "wale".

Jibu lilitoka mbali na jukwaa. Desemba mwaka uo huo, basi liliposhambuliwa katika Kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Rais akamtunuku nishani. Hapo hotuba ilipata cha kusimamia.

Maoni yangu ni kwamba fahari ya taifa haizaliwi na tamathali; tamathali huipa sauti tu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa msasa wa ziada uliowakabili vijana wa eneo hili walipotafuta vitambulisho. Uhakiki wa tangazo hilo tusiufanyie darasani pekee, bali pia kwenye foleni ya vitambulisho. Wahenga walinena: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.