Mwacheni Bibi Aseme na Mjukuu

Kuanzia Bungu hadi Ikwiriri, na ukivuka maji mpaka Mbwera na Salale huko deltani, wazazi wengi siku hizi wanaamini kwamba mtoto akisemeshwa Kindengereko, lugha yetu ya asili, ataharibikiwa Kiswahili. Bibi amekaa barazani anasuka mkeka, mjukuu yuko pajani. Akianza tu kumbembeleza kwa kilugha, mama mtu anaita kutoka ndani: "Bibi, tafadhali, msemeshe Kiswahili, atachanganyikiwa." Bibi ananyamaza. Mtoto anapewa simu aangalie katuni.

Imani hii si kweli hata chembe, na inatugharimu.

Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walionyesha kuwa watoto wa miezi 6 hadi 8 wanaolelewa kwa Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao huzisikia kama sauti moja. Wakikaribia mwaka, uwezo huo unakuwa umepungua sana. Mtoto mchanga, basi, ana sikio la kupokea lugha yoyote, kisha hubaki na sauti anazosemeshwa kila siku. Akisemeshwa lugha mbili, hubaki na za zote mbili. Na mtoto wa miaka miwili anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" hajaharibiwa na bibi yake. Sauti ya r huchelewa, na hata mtoto wa Dar es Salaam asiyejua neno moja la kilugha huanza hivyo hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni ile simu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9. Waliokaa na mtu akacheza nao huku akiwasemesha Kichina walizishika sauti zake. Waliomtazama kwenye televisheni hawakushika kitu. Sisi tunamnyamazisha anayefundisha, tunawasha kisichofundisha!

Kindengereko kinapungua nyumbani kwetu, wakati Eva-Marie Ström alitoka Uswidi akaja kukichunguza, akakiandikia tasnifu mwaka 2013.

Wazazi wenzangu, mwacheni bibi aseme. Kiswahili mtoto atakipata kwenu, kwa wenzake, madrasa, shuleni na sokoni. Kindengereko, bibi akishaondoka, hana pa kukipata.