Ukimlaza kwako, hama naye

JICHO LA MTAA
Na Penina Auma

Wiki hii nina hasira na sitaificha. Mtu anayemtoa binti wa watu kijijini, akamlaza ndani ya nyumba yake, kisha nyumba ikapatwa na balaa akajiondokea na kumwacha binti pale pale, ametenda jambo la aibu. Mvua si kisingizio. Giza si kisingizio. Gari kujaa si kisingizio. Nimeliona kwa macho yangu Jumatano usiku, milango miwili kutoka kwangu hapa Ofafa Jericho, na tangu siku hiyo limenikaa kooni.

Watu wa Eastlands hawahitaji kuelezwa mvua ya masika inatufanya nini. Nyumba hizi zilijengwa na Baraza la Jiji miaka ya 1960, na mabomba yake ya maji taka yalipimwa kwa familia za wakati ule. Leo karibu kila ua una vibanda vya mabati, kila kibanda kina watu, na wote wanamwaga katika bomba lile lile. Nilipotoka nje, Mzee wa Risiti, jirani yetu anayetunza risiti zake za kodi za tangu zamani, alikuwa ameshafika na kurunzi yake. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote mnamjua, na mnajua alichosema kabla sijakiandika: enzi za Baraza kifuniko hiki kisingeinuka. Safari hii hakuna aliyembishia. Kifuniko kilikuwa kimeinuka kweli, maji meusi yanabubujika kutoka chini yake, yanafuata mtelemko hadi mlango wa jirani.

Jirani huyu ni mtu mwema. Anasalimia, anachanga tukifiwa, halali na deni la mtu dukani. Ndiyo maana jambo lenyewe limeniuma zaidi. Tulikimbia wote na ndoo na mafagio. Vitanda vya wazazi na vya watoto vilikuwa vimeinuliwa juu ya mawe, kama wengi wetu mtaani tunavyofanya, kwa hiyo magodoro yao yalisalimika. Godoro moja tu ndilo lililolowa, sponji nyembamba iliyotandikwa sakafuni sebuleni, kati ya makochi na kabati. Hilo ndilo godoro la binti wa kazi. Lilikuwa limelowa maji upande mmoja, na kando yake begi lake la nguo limeanguka na kufyonza uchafu.

Binti mwenyewe hakuwa na habari nalo. Alikuwa na kitindamimba mgongoni, na kwa mikono miwili alikuwa anapandisha vitu mezani: vitabu vya shule vya watoto, redio, mfuko wa unga, viatu vya baba mwenye nyumba. Ana miaka kumi na tisa. Aliletwa kutoka Bungoma mapema mwaka huu. Alipandisha vitu vya watu wote wa nyumba ile, cha kwake hakukigusa hata kimoja.

Shemeji wa jirani akafika na gari. Watoto wakaingia, mama akaingia, mabegi yakaingia. Kisha televisheni ikatolewa ndani imefungwa blanketi, ikalazwa kiti cha nyuma, na mtoto mmoja akapakatwa ili ipate nafasi. Ndipo mama mwenye nyumba alipotoa kichwa dirishani.

"Wewe baki uangalie nyumba. Tutakuja kesho."

"Sawa, mama," binti akajibu, amesimama ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu.

Nikasogea dirishani. "Mama Brayo, huyu mtoto analala wapi?"

"Atakaa hapo juu ya meza, Mama Jaki. Ni usiku mmoja tu."

Gari likaondoka kuelekea Buruburu, kwa dada yake. Kutoka Jericho hadi Buruburu watu huenda kwa miguu kila siku. Lile gari lingeweza kurudi. Lingeweza kurudi mara mbili, na petroli isingepungua kiasi cha kumtia mtu hasara. Halikurudi kwa sababu hakuna aliyelituma.

Nikamwambia binti aje kwangu. Akakataa. Mama amesema asitoke, akasema, na kitu kikipotea atakatwa mshahara. Nikamuuliza kama ana ndugu hapa Nairobi. Ana shangazi Kawangware. Mbona basi hajampigia simu akamfuate kesho asubuhi? Akainamisha kichwa: "Kitambulisho changu kiko kwa mkoba wa mama."

Someni tena hapo. Mkoba ulikuwa umekwenda Buruburu. Kitambulisho chake kilikuwa kimepata kitanda kikavu, mwenye kitambulisho yuko hapa kwenye maji ya choo.

Aliyetukwamua ni Mzee wa Risiti. Alitoa daftari lake, akapita nyumba nzima akiandika kila kilichobaki, kabati, makochi, jiko la gesi, sufuria kwa idadi, akatia sahihi, nami nikatia, akampa binti nakala. Kisha akatia kufuli mlangoni na kuvuta kiti barazani. Mnaomcheka mzee huyu kwa risiti zake za kodi za tangu zamani, muoneni sasa. Karatasi ile ndiyo iliyomwezesha binti kutoka ndani ya uchafu bila hofu ya kuitwa mwizi asubuhi. Nyumbani kwangu alisugua miguu hadi kipande cha sabuni kikaisha, na alipopewa kitanda cha mjukuu wangu aliuliza kama anaweza kulala chini, ndivyo alivyozoea.

Kesho yake Mama Brayo alirudi, na alikuja kwangu kabla hajaingia kwake. Alikuwa amekasirika. "Mama Jaki, umenitolea msichana nyumbani bila ruhusa. Unamharibu." Nilimpa chai, kisha tukazungumza kama watu wazima. Nitaziweka hapa hoja zake zote tatu, kwa kuwa si zake peke yake. Najua zimejaa katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili.

Ya kwanza, kwamba kwa dada yake hakukuwa na nafasi. Nafasi ya watu watano ilipatikana, na ya televisheni ikapatikana. Familia zetu hazijawahi kushindwa kumlaza mtu wakati wa matanga. Tunalala wanane chumba kimoja, miguu huku vichwa kule, na hakuna anayelalamika. Nafasi hupatikana kwa mtu aliyehesabiwa. Huyu hakuhesabiwa.

Ya pili, kwamba lazima mtu alinde nyumba. Basi abaki baba. Nyumba ni yake, vitu ni vyake, na ana kifua cha kumkabili mwizi. Kumwacha msichana wa miaka kumi na tisa peke yake usiku, mlango umevimba kwa maji haufungiki vizuri, umeme umekatika, na mtaa mzima unajua wenyewe wameondoka, ni kumweka yeye kwenye hatari ili kuokoa kabati.

Ya tatu ndiyo iliyonichoma: "Lakini huyu tunamchukua kama mtoto wetu." Hapana. Watoto wako walikuwa ndani ya gari. Maneno haya nimeyasikia miaka mingi, na kila mara yanatoka wakati wa kukadiria mshahara. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Wengi wanaolipa chini ya hapo hutetea hivi: anakula kwangu, analala kwangu. Vyema. Kama kulala kwake umekuhesabu kuwa sehemu ya malipo, basi usiku unaomnyima pa kulala umemnyima malipo. Huwezi kumkata shilingi kwa ajili ya kitanda halafu kitanda chenyewe usimpe.

Na sheria haikuacha jambo hili kwa huruma ya mtu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, nyakati zote, kwa gharama yake mwenyewe, ampe mfanyakazi makao yanayofaa kazini au karibu na kazi, au amlipe pesa za kutosha kodi. Nyakati zote ni pamoja na usiku wa mafuriko. Nao Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za utambulisho. Pendekezo nambari 201, lililopitishwa pamoja nao, linataka anayelala kwa mwajiri apewe chumba chake cha faragha, chenye kitasa, na ufunguo awe nao yeye. Najua Jericho hatuna vyumba vya kugawa hivyo. Sidai miujiza. Nadai godoro lake liwe juu ya mawe kama la Brayo, na kitambulisho kiwe mfukoni mwake.

Ninachoshindwa kumeza ni jinsi sisi wenyewe tunavyojua uchungu wa kuachwa. Mpangaji wa Eastlands ameamka mara ngapi akakuta kinyesi barazani, akapiga simu isipokelewe, akaambiwa asubiri, ni usiku mmoja tu? Tunaimba malalamiko hayo kwenye kila mkutano wa mtaa. Halafu tunafunga mlango na kumtendea vile vile aliye chini yetu, kwa maneno yale yale. Chanzo ni hiki, na sitafuti kingine. Aliyedharauliwa miaka mingi hujitafutia wa kumdharau, na aliye karibu zaidi ni binti anayelala sebuleni.

Kenya nzima huwaka moto mabinti zetu wanapotendewa hivi ughaibuni. Agosti 2020 tuliwaona Wakenya wakiandamana mbele ya ofisi ya konsuli wetu mjini Beirut, wakitaka kurudishwa nyumbani. Mwaka 2024, mabomu yalipokuwa yakianguka Lebanon, waajiri walikimbia na kuwaacha wafanyakazi wao wa nyumbani, wengine wamefungiwa ndani, wengine wakalala barabarani. Tulilia, tukalaani, tukasema Waarabu hawana utu. Na aliyemwacha huyu wa Bungoma ndani ya maji taka ni nani? Ni Mkenya, mtu wa kanisa, mwanachama wa chama chetu cha akina mama. Wala hili si la jana. Nairobi ilipofungwa tarehe 6 Aprili 2020 kwa sababu ya korona, kuna mabinti waliofukuzwa kazi mtaani humu wakati barabara za kutoka jijini zimezuiwa, na hakuna aliyejiuliza watalala wapi.

Kwa kuwa Mama Brayo huimba kwaya, nilimkumbusha habari ya mji ambao mtaa wetu umeazima jina lake. Yeriko ilipokaribia kuanguka, miongoni mwa masharti aliyopewa Rahabu ni hili: awakusanye watu wake wote ndani ya nyumba yake. Hakuambiwa aokoe mali kwanza. Kuta zilipoporomoka, aliyekuwa ndani ya nyumba ile alitoka salama pamoja naye. Mwanamke ambaye mji mzima ulimnyooshea kidole alijua kuhesabu watu wake. Sisi wenye heshima zetu tunashindwa.

Sasa nisikilizeni, wenye nyumba. Siku unayomwajiri binti, kabla hujamwonyesha jiko, mwambie moto ukizuka au maji yakiingia mtakimbilia wapi, na hakikisha hapo unapopataja naye ana nafasi. Chukua namba ya simu ya mzazi wake, nawe mpe yako, na ya ndugu yake wa karibu ibandike ukutani. Kitambulisho chake kikae naye, usikiguse. Godoro lake liinuliwe kama yenu. Balaa likitokea, yeye na watoto ndio wa kwanza kutoka, vitu baadaye. Kama unapokwenda hakuna nafasi kabisa, mtafutie kitanda kwa jirani mnayeaminiana, tena mbele ya macho yako, au asubuhi mpe nauli ya kwenda kwao na mshahara wake usikatwe hata senti, kwani bomba hakulipasua yeye. Nguo na godoro vilivyoharibika ni deni lako. Lipa wiki hiyo hiyo.

Mama Brayo alisikiliza. Kitambulisho alikirudisha, na hilo nalisema waziwazi. Godoro jipya bado halijanunuliwa, na hilo pia nalisema waziwazi, maana najua Ijumaa yeye hupitia kwa muuza magazeti na ataisoma safu hii.

Masika hayajaisha. Maji yatarudi, kama si kwake ni kwangu, kama si kwangu ni kwako. Usiku huu mwite binti anayekulelea watoto, mkalishe kitako, mweleze ataenda wapi. Kama huna la kumwambia, usimtafutie maneno matamu. Mlipe haki yake, mpe nauli, aende akatafute nyumba yenye watu. Asiye na pa kumlaza mtu siku ya shari hana haki ya kumtumikisha siku ya heri.