Mieleka, Nguvu na Hila

Mwezi wa Mei, mwaka 1954, katika mji wa Baroda nchini India, mwanamke aliyeitwa Hamida Banu aliingia uwanjani kupigana mieleka na mwanamume aliyejulikana kwa jina la Baba Pahalwan. Mwanamke huyo alikuwa na uzito wa kilo 108, na kimo chake kilipita mita moja na nusu kwa kadiri ndogo tu. Miezi michache kabla ya siku ile alikuwa ametangaza kwamba mwanamume ye yote atakayemshinda atakuwa mumewe. Pambano lilichukua dakika moja na sekunde 34. Mwanamume alilala chali, na kama alikuwa na tumaini la posa, lilianguka pamoja naye.

Habari za namna hii zikisimuliwa mbele ya watu hapakosi kuzuka kambi mbili. Kambi ya kwanza hucheka na kusema kwamba pambano lilipangwa, kwa maana mwanamke hawezi kumwangusha mwanamume aliyekamilika. Kambi ya pili hutikisa kichwa kwa utaratibu na kusema: ndiyo, ameweza, kwani katika mieleka nguvu si kitu, hila ndiyo kila kitu. Mimi nayakataa maneno ya kambi zote mbili. Juu ya kambi ya kwanza sitapoteza wino mwingi. Sikatai kwamba mieleka ya kulipia kiingilio ilikuwa na udanganyifu wake zama zile, ya wanaume kwa wanaume pia. Lakini ni ajabu jinsi shaka inavyowahi kuamka mshindi akiwa mwanamke. Huko Kolhapur, Hamida Banu alipomshinda mwanamume, watazamaji walimzomea na kumrushia mawe hata ikabidi askari waitwe. Sijapata kusikia kwamba Baba Pahalwan alirushiwa jiwe hata moja kwa kushindwa.

Kambi ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa husema uongo kwa sauti ya upole, na wanaoumia kwa uongo huo ni wasichana.

Nilialikwa siku moja katika shule ya wasichana kusikiliza mdahalo. Hoja iliyojadiliwa ilikuwa kwamba akili hushinda nguvu. Wasemaji walikuwa hodari. Walimtaja sungura, walimtaja Daudi na Goliathi, wakapigiwa makofi mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Baadaye mwalimu mmoja alinitembeza uwanjani. Nilipomwuliza wasichana hufanyia wapi mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. Akanijibu kwamba msichana hahitaji misuli. Yuko mwalimu ajaye mara moja kila muhula kuwafundisha mbinu za kujiokoa wakishikwa na mtu mwovu. Nikamwuliza mbinu hizo hufanywa kwa kutumia nini. Hakunijibu, nami sikumsumbua tena. Lakini swali lile sikulirudisha nyumbani, nimelileta hapa.

Na tuanze na sungura, maana ndiye shahidi mkuu wa upande wa pili. Kila mtoto ameisikia hadithi ya sungura aliyemwambia tembo washindane kuvuta kamba, kisha akaenda mtoni akamwambia kiboko maneno yaleyale, akawapa ncha mbili za kamba moja. Wakubwa wale wawili walivutana mchana kutwa, kila mmoja akidhani kwamba anavutana na sungura. Wasimuliaji hutuambia kwamba hapo akili ilishinda nguvu. Lakini, msomaji, ebu tazama kamba yenyewe. Sungura hakuvuta hata kidogo. Nguvu iliyomchosha tembo ilikuwa ya kiboko, na nguvu iliyomchosha kiboko ilikuwa ya tembo. Sungura alijua mahali pa kuazima nguvu, na ujuzi huo ni mkubwa. Walakini mtoni kusingekuwa na kiboko, angeburutwa mpaka masikio yakatike. Ama Daudi, yeye hakupigana mieleka kabisa. Alisimama mbali akatumia kombeo, na kama angalimkaribia Goliathi kifua kwa kifua, hadithi ingalikuwa fupi zaidi.

Mtu aliyeifikiri sana hila ya mieleka ni Mjapani Jigoro Kano, ambaye mwaka 1882 alianzisha mjini Tokyo shule ya judo iitwayo Kodokan. Kano alikuwa mdogo wa mwili, na ujanani wenziwe walimwonea. Kwa hiyo alikuwa na haja ya kweli ya kujua jinsi mdogo awezavyo kumwangusha mkubwa. Fundisho lake la msingi ni kwamba kabla ya kumwangusha mtu sharti umwondoe kwanza katika mizani yake. Mtu asimamaye ni kama mtungi juu ya kata. Ukiukandamiza chini, unazidi kutulia. Ukiuinamisha mpaka uzito wake upite ukingo wa kata, uzito wake wenyewe humaliza kazi. Basi mpiganaji mwenye hila hungoja mpinzani wake asukume, naye badala ya kumpinga humvuta kuelekea kulekule anakokwenda. Akisha kumtanguliza mbele ya nyayo zake, huingiza nyonga chini ya nyonga zake, akapinda mgongo, na yule mtu hugeuka juu yake kama gogo ligeuzwalo kwa mtaimbo.

Huo ni wenzo, na uzuri wa wenzo siupingi. Lakini mwulizeni mwalimu wenu wa fizikia: wenzo hauumbi kazi. Hubadili nguvu ndogo iendayo mbali kuwa nguvu kubwa iendayo karibu, na lazima awepo mtu wa kusukuma upande wa pili. Kumshika mtu anayekataa kushikwa, kupenya chini yake kwa haraka asiyoitazamia, kusimama naye begani kwa mapaja, hayo yote hufanywa kwa nyama na mishipa. Anayemfundisha msichana hila na kumnyima misuli amempa mtaimbo uliotengenezwa kwa mgomba.

Tena wenye hila wenyewe hawaamini kwamba nguvu si kitu. Judo ilipoingia katika michezo ya Olimpiki, mjini Tokyo mwaka 1964, wapiganaji waligawanywa kwa uzito, ila likaachwa daraja moja lililo wazi kwa watu wa uzito wo wote. Wenyeji walitazamia kwamba hapo ndipo hila ya kwao ingedhihirika mbele ya ulimwengu. Tarehe 23 Oktoba, Mholanzi Anton Geesink, mtu wa kimo cha karibu mita mbili, alimbana Akio Kaminaga mkekani mpaka muda ukatimia, na ukumbi mzima ukanyamaza. Kaminaga hakukosa hila. Geesink alikuwa na hila ileile, aliyoisomea miaka mingi, tena hata Japani kwenyewe, na juu ya hila hiyo alikuwa na mwili. Leo hakuna pambano la mieleka wala la judo katika Olimpiki lisilogawanywa kwa uzito. Kama nguvu si kitu, mizani ile ya kupimia wachezaji ni ya nini?

Sasa nafika mahali ambapo wapo watakaonikasirikia. Nguvu ya mwanamke wa kawaida, mikononi na mabegani, hufikia nusu ya nguvu ya mwanamume wa kawaida, au hupita nusu kidogo. Miguuni hufikia kama theluthi mbili. Tofauti hiyo hukua hasa wakati wa kubalehe, homoni iitwayo testosteroni inapoongezeka katika damu ya wavulana. Mwaka 2007 wachunguzi wa Ujerumani walitangaza vipimo vya mshiko wa mikono ya vijana zaidi ya elfu mbili, wanaume kwa wanawake, na miongoni mwao walikuwamo wanawake 60 walio mabingwa wa judo na mpira wa mikono. Mabingwa hao waliwapita wanawake wenzao kwa umbali mkubwa. Hata hivyo, wanaume watatu katika kila wanne, watu wasio na mazoezi maalumu, walikuwa na mshiko mkali kuliko wastani wa mabingwa wale. Huu ni ukweli, na ukweli hauwi mtamu kwa kufichwa. Msichana anayeambiwa kwamba hila itaziba pengo hilo lote anadanganywa, na siku atakayoutambua udanganyifu huo huenda isiwe siku ya mchezo.

Wa kambi ya kwanza wasifurahi mapema. Wastani ni jambo moja na mtu aliye mbele yako ni jambo jingine. Hakuna aliyepata kuangushwa na wastani. Mahali uzito unapolingana na mazoezi yanapolingana, tofauti hupungua kiasi cha kuipa hila nafasi ya kufanya kazi yake. Mwaka 2006, katika jimbo la Alaska, Marekani, msichana Michaela Hutchison alipigana na wavulana katika daraja la uzito wa kilo 47 hivi, akawa bingwa wa shule za jimbo hilo. Mpinzani wake wa mwisho alikuwa mvulana, naye alimshinda kwa pointi moja kwa sifuri. Pointi moja! Hapo hila ilitosha, kwa sababu nguvu ilikuwa imekwisha kufikishwa mahali pa kutosha. Na nguvu za miguu, ambako mwanamke amepungukiwa kidogo kuliko mikononi, ndizo zinazofanya kazi kubwa katika kuinua, kubwaga na kubana. Mwalimu mwenye akili angeanzia hapo. Angemjenga msichana mapaja, nyonga na mgongo, kisha amfundishe hila zinazopita katika viungo hivyo. Wala asingemwacha ashindane kwa mikono na mtu aliyemzidi mikono.

Mfano wa jambo hili upo katika bara letu wenyewe. Wadiola wa Casamance, kusini mwa Senegal, wana desturi ya mieleka ya wasichana katika sikukuu za vijiji, na hakuna mzee anayeona haya kuitazama. Mmoja wa mabinti wa nchi hiyo, Isabelle Sambou, alikwenda Olimpiki ya London mwaka 2012 katika daraja la kilo 48, akamaliza wa tano duniani. Hakufundishwa hila za kuogopea nguvu.

Watanijibu kwamba misuli humharibu mwanamke umbo. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo yenye wafuasi wengi kuliko zote. Nani aliyemwona mama wa Nyeri akipanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda umemkaza kipajini, akamsimamisha na kumwambia: tua, shingo yako inaharibika? Nani aliyemnyang'anya mchi binti anayetwanga nafaka kwa kuwa mabega yake yanatanuka? Misuli ya mwanamke haijapata kumwudhi mtu maadamu inabeba mzigo wa mtu huyo. Huanza kuitwa aibu siku anapotaka kuitumia kwa ajili yake mwenyewe. Sitaki kusikia habari za umbo kutoka kwa mtu aliyekula ugali wa mahindi yaliyolimwa na mkewe na kusagwa kwa mikono ya mamaye.

Mwaka 1959, katika mashindano ya judo huko Utica, New York, mwanamke wa Brooklyn aliyekuja kujulikana kwa jina la Rusty Kanokogi aliingia mahali pa mwanamume wa kikosi chake aliyeumia. Nywele zake zilikuwa fupi, na kifua amekifunga kwa vitambaa. Alimshinda mwanamume aliyepangiwa, na kikosi chake kikapata ushindi. Kisha akaitwa kando akaulizwa kama yeye ni mwanamke. Hakukana. Akanyang'anywa nishani yake papo hapo. Waliomnyang'anya hawakusema kwamba hila yake ilikuwa na kosa, wala kwamba alitumia nguvu isiyoruhusiwa. Mwaka 1962 alikwenda Kodokan, akawekwa na wanawake, akawazidi, akaruhusiwa kufanya mazoezi na wanaume. Mwaka 1980 alisimamia mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, mjini New York, na mwaka 1992 mchezo huo wa wanawake ukakubaliwa kamili katika Olimpiki. Nishani yake ilirudishwa mwaka 2009, mwaka uleule aliokufa.

Hamida Banu hakupata bahati ya namna hiyo. Baada ya ushindi wake wa mwaka 1954 alitaka kwenda Ulaya kupigana na mabingwa wa huko. Mjukuu wake amesimulia kwamba mwalimu wake hakukubali safari hiyo, akampiga kwa fimbo hata akamvunja viungo, na kwa miaka mingi baadaye alitembea kwa mkongojo. Mwanamke aliyekuwa akiwalaza wanaume chali mbele ya maelfu ya watu aliishi kwa kuuza maziwa na vitafunio kando ya njia. Alifariki mwaka 1986. Katika habari zote nilizozisoma juu yake, sikuona mtu aliyesema kwamba siku ile ya fimbo ilimfaa hila.