Neno Moja, Maana Nyingi



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, vijana wetu wa Jorodom wanapoingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo baadhi ya wazazi huwatoa madrasa wakidai kuwa Kiarabu kinawachelewesha. Sisi walimu tunaona hilo ni kosa, na ushahidi wetu ni neno moja tu la Kiingereza: fast.

Mwanafunzi wetu mmoja alipewa sentensi isemayo "Juma is fast asleep". Akaandika: Juma amelala haraka. Wenzake wakacheka, lakini nao hawakuwa na jibu. Kumbe Juma amelala fofofo! Kijana alikariri maana moja, akataka ufunguo mmoja ufungue milango yote.

Asili ya neno hili katika Kiingereza cha kale ni kuwa imara, kushikamana. Ndiyo maana hutumika kwa rangi ya kitambaa isiyochuja, na kwa aliyeshikwa na usingizi mzito. Kutokana na uimara huo ikaja maana ya kufunga, yaani kushikamana na amri ya kujizuia na chakula. Maana ya kasi ilifuata baadaye: kwanza kukimbia kwa nguvu bila kulegea, kisha kukimbia upesi.

Sasa tutazame Kiarabu. Swaumu asili yake ni kujizuia. Katika Surat Maryam, aya ya 26, Bibi Maryam (A.S.) anaelekezwa aseme kuwa ameweka nadhiri ya swaumu, nayo ni ya kutosema na mtu siku hiyo. Neno 'ayn nalo ni jicho, lakini katika Suratul Ghaashiya, aya ya 12, ni chemchemi. Na Kiswahili chetu je? Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga bao na tunafunga Ramadhani. Hakuna anayechanganya, kwa sababu tunasikiliza maneno yaliyo jirani.

Basi mtoto aliyezoea madrasani kuuliza "hapa neno hili lina maana gani?" hachelewi shuleni. Amekwisha kushika njia. Na asiyeuliza atapotea kote kuwili: shuleni atakosa alama, na katika dini atatoa hukumu kwa neno asilolijua, jambo ambalo ni la hatari zaidi.

Nasaha yetu kwenu wanafunzi: msiandike neno peke yake kwenye daftari, liandikeni pamoja na sentensi yake. Nanyi wazazi, msiwatoe watoto. Wapangieni muda, jioni au mwisho wa wiki, elimu zote mbili zipate nafasi.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.