Fidla, kompyuta na wasichana wa Kapkatet

Mpwa wangu anapiga fidla. Alianza utotoni kwa kuwabebea wazee ala zao kwenye kikundi cha taarab hapa Mombasa, baadaye akafunzwa kusoma nota, na sasa chumba chake kimejaa nyaya na kompyuta. Albamu yake ya kwanza iko karibu kwisha. Ni fidla ile ya nota za Kizungu, iliyopigwa kwa utulivu, na chini yake biti za dansi za kompyuta kama zile zinazochezwa na madidijei usiku wa manane.

Mwezi uliopita alinijia na wimbo mmoja. Alikuwa ameupata kwenye intaneti: sauti za wasichana wa Kikipsigis zilizorekodiwa mwaka 1950, na kinubi kikilia nyuma yao. Alikata kipande, akakizungusha mara nyingi, akaweka fidla juu na ngoma ya kompyuta chini.

"Mjomba, sikiliza. Hii itatikisa Nairobi mpaka Berlin."

Nikasikiliza. Sitasema uongo, ni nzuri. Kisha nikamuuliza, "Hawa ni kina nani, na umemwomba nani ruhusa?" Akaninyamazia.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, maana linatuhusu sisi watu wa pwani kama linavyowahusu watu wa Kericho na Bomet.

Kwanza niondoe dhana moja. Wako watakaosema kosa ni kule kuchanganya, kwamba fidla ina heshima yake na disko ina mahali pake. Mimi siko huko. Mmarekani Lindsey Stirling alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2012, fidla juu ya muziki wa kielektroniki, na dunia haikuanguka. Na sisi fidla tuliipata wapi? Haikuota Mji wa Kale pamoja na minazi. Ilitufikia pamoja na mtindo wa Misri, uliopita Unguja, ambako kikundi cha Akhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, alikuwa anatumia mashine ya kigeni kuimba mambo ya Ng'ambo. Anayetaka taarab isiyochanganywa atabaki na karatasi tupu.

Hata huo wimbo wa Wakipsigis ni mchanganyiko tangu kuzaliwa. Ukitoka Kericho kwenda Sotik, ukishapita Litein, kuna mji mdogo uitwao Kapkatet. Chai iko kulia, chai iko kushoto, kijani mpaka macho yachoke. Huko ndiko alikofika Hugh Tracey mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi. Tracey alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, na alizunguka sehemu kubwa ya Afrika akikusanya muziki. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes.

Wasichana wale walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Neno hilo ni jina la mtu lililogeuzwa na ulimi wa Kikipsigis: Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kwenye vilima vya chai kwa gramafoni. Watu walimsikia bila kumwona, sauti ikipanda na kushuka kwa namna ambayo hawakuwahi kuisikia kwa binadamu. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, wasichana walimwona akilini kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwalika aje acheze nao. Kinubi chao, chepkong, kikachukua nafasi ya gitaa.

Basi fikiria. Gramafoni ilikuwa ndiyo kompyuta ya wakati ule. Wasichana wa kijijini walichukua sauti kutoka Marekani, wakaifanya yao kwa ala yao na lugha yao. Ni kazi ile ile anayoifanya mpwa wangu chumbani kwake. Tofauti ni kwamba wao walilitaja jina la mgeni wao ndani ya wimbo wenyewe. Hata likiwa limepinda, jina lilibaki, na kila aliyeuimba wimbo alimtaja.

Sasa geuza upande wa pili. Kwenye kumbukumbu za Tracey kiongozi wa wimbo ametajwa: Chemutoi Ketienya. Wenzake wameandikwa "wasichana wa Kipsigis", basi. Wimbo ukazunguka dunia, ukapendwa na watu wasiojua Kericho iko wapi. Ilikuwa mwaka 2014, zaidi ya miaka 60 baadaye, ndipo ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walipozirudisha nakala za rekodi zile kwa watu wa huko. Mtu aliyekuwa msichana mwaka 1950 alikuwa bibi kizee tayari, kama Mungu alimjalia umri.

Huko Kericho neno "mashine" lina uchungu wake, na yafaa tulielewe. Mei 2023 waandamanaji walitia moto mashine za kuchuma chai, wakisema zimewanyang'anya kazi wachumaji wa mikono. Mtu wa mbali aliona ushamba, watu wanaochoma maendeleo. Lakini ukiwasikiliza wenyewe, hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: majani ni yale yale na shamba ni lile lile, ila mapato yaliyokuwa yakigawanywa mikononi mwa wengi sasa yanapita kwa wachache. Sihalalishi kuchoma mali ya mtu. Nasema swali lao lilikuwa la haki, na halijibiwi kwa kuwaita wajinga.

Nasi tunayo mashine yetu. Zamani kikundi cha taarab kilipanda jukwaani na safu ya wapiga fidla, kanuni, udi, akodioni, ngoma. Leo harusi nyingi zinamalizwa na mtu mmoja na kinanda cha umeme, na ndani ya kinanda hicho kuna kitufe cha "fidla". Wapiga fidla wanne wameingia kwenye kitufe kimoja. Ndiyo maana namfurahia mpwa wangu: yeye ameifanya kompyuta imfuate mpiga fidla. Lakini akichukua sauti za wasichana wa Kapkatet bila kuuliza, amewafanyia wao kile kitufe kilichotufanyia sisi.

Tazama mfano wa nyumbani. Mwaka 1982 Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, walitoa Jambo Bwana. Mwaka uliofuata Boney M., kundi la disko la Ujerumani, likatoa toleo lake. Wimbo ulikuwa na baba yake anayejulikana, Teddy Kalanda Harrison, na bendi iliyorekodi. Anayetaka kuutumia anajua mlango wa kubisha. Wimbo wa jadi hauna mlango huo. Nani abishiwe hodi kwa Chemirocha? Na nani abishiwe kwa mwanzele, sengenya, au chakacha ya bibi zetu? Kitu kisicho na mwenyewe machoni pa soko huwa cha yeyote mwenye kompyuta.

Sheria haijalala kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Bunge likapitisha sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Iko tofauti na hakimiliki ya kawaida. Hakimiliki ya rekodi ya sauti nchini Kenya ina miaka 50, na kwa hesabu hiyo rekodi ya 1950 imeshapitwa na wakati. Lakini chini ya sheria ya 2016, sanaa ya jadi haihesabiwi miaka. Ulinzi unaendelea maadamu jamii bado inaishika kama yake, na anayetaka kuitumia kibiashara anatakiwa apate idhini ya wenyewe kwanza.

Na hapa ndipo pa kukazia macho: sheria hiyo imezipa serikali za kaunti kazi ya kukusanya na kusajili urithi huo. Kwa hiyo swali la Chemirocha lina anwani, nayo ni Kericho. Swali la sengenya lina anwani, nayo ni Kwale. La ngoma za Lamu liko Lamu. Waheshimiwa wetu wakija kwenye sherehe za utamaduni wakavaa vikoi wakapigiwa vigelegele, tuwaulize jambo moja tu: rejista iko wapi, na imeandikwa nini ndani yake? Kama ngoma yako haimo, siku kijana wa London akiiweka kwenye dansi yake utakuwa na hasira bila karatasi mkononi.

Inawezekana kufanya kwa adabu. Mwaka 2016 mradi wa Beating Heart wa London ulitoa albamu ya watayarishaji wa muziki wa kielektroniki waliozichukua rekodi za Tracey za Malawi na kuzitia biti. Walishirikiana na ILAM, na mapato yakaelekezwa kwenye miradi ya bustani za chakula huko huko Malawi. Unaweza kubishana kama hilo latosha, na mimi ningependa kuona jamii yenyewe ikikaa mezani na kuamua inataka nini, iwe bustani, iwe ada ya shule, iwe fedha taslimu. Lakini angalau kuna mtu alikumbuka kwamba sauti ina kwao.

Nilimwambia mpwa wangu haya yote kwa kirefu kuliko alivyotaka, kama kawaida yetu wajomba. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja na pendekezo lake: wimbo ule ameutoa kwenye albamu kwa sasa. Ataandika barua mbili, moja kwa ILAM na moja kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti ya Kericho. Na badala ya kukata kipande cha zamani, anataka kwenda mwenyewe Bureti kumtafuta mpiga chepkong aliye hai, wakae pamoja, fidla na kinubi, jina la kila mmoja liandikwe kwenye albamu na malipo yagawanywe kabla ya kurekodi.

"Na akikataa?" nikamuuliza.

"Akikataa, mjomba, nitarudi na chai."

Nimemwahidi nauli.