Wembamba si kinga

Naomba nizungumzie upande wa jeni, maana bado watu wanaambiwa kolesteroli ni ya wanene na wapenda chipsi tu. Si kweli, na uongo huu unaua.

Ini huondoa kolesteroli mbaya (LDL) kwenye damu kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Jeni iitwayo PCSK9 hutengeneza protini inayoviharibu vipokezi hivyo. Mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas, Marekani, walionyesha kuwa Wamarekani weusi waliozaliwa na PCSK9 isiyofanya kazi vizuri walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 88! Hata mwanamke mmoja wa Zimbabwe aliyerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama alikutwa mzima wa afya. Dawa za sindano za kushusha LDL zilizoidhinishwa 2015 zimetokana na ugunduzi huu.

Lakini takriban mtu 1 kati ya 250 hurithi kinyume chake: LDL iko juu tangu kuzaliwa, hata akiwa mwembamba na anakimbia kila asubuhi. Wengine huota vinundu kwenye kano ya kisigino, wakadhani ni kiatu kinabana.

Ndugu zangu, kama baba au kaka yako alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, nenda kapime, na watoto wako uwapeleke.